Shingo Inayouma Haikuanza na Simu Yako

Saa nane za usiku, wiki chache zilizopita, nilimaliza kuhariri video ya dakika 12 iliyonila siku tatu. Nikataka kugeuka niangalie kama simu imejaa chaji. Shingo ikakataa. Si ati iliuma tu, ilikataa kabisa, ikabidi nigeuke na mwili mzima kama trela inayokata kona. Kesho yake nikajipeleka mahali fulani mjini, nikalipa, nikalala kifudifudi, nikakandwa, nikawekewa kitu cha moto mabegani, nikaambiwa nina mafundo mabaya na nitahitaji kurudi mara kumi. Nilitoka hapo nikiwa mwepesi kama mtoto. Huo wepesi ulidumu hadi Alhamisi.

Sasa mimi nikishalipia kitu kisifanye kazi, huwa naanza kukichimba. Mara kumi ni nani aliamua? Fundo ni nini hasa? Na nani alikuwa wa kwanza kusema dawa ya msuli unaouma ni mtu mwingine akufinye? Nimesoma kwa mwezi mzima (ndiyo, nikiwa nimeinama) na nimegundua kwamba hii ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na kuna kitu ndani yake ambacho ningetaka mtu aniambie kabla sijatoa pesa.

Kwanza tuiondolee simu lawama kidogo. Kila mtu ana shangazi wa kumwambia "ni hiyo simu". Lakini mwaka 2018 watafiti wa Brazil walichapisha kazi waliyofanya kwa vijana 150 wa miaka 18 hadi 21, wakiangalia vile wanavyoinamisha shingo wakitumia simu, kisha wakauliza nani anaumwa. Hawakupata uhusiano kati ya hiyo mikao na maumivu. Utafiti mmoja haufungi kesi, najua. Lakini pia hii shida ni nzee kuliko stima yenyewe.

Kulikuwa na daktari Mtaliano, Bernardino Ramazzini, aliyekuwa na tabia moja nzuri sana: alikuwa anauliza wagonjwa wanafanya kazi gani. Kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi kilitoka mwaka 1700, na katika toleo la 1713 kuna sehemu kuhusu makarani na waandishi, wale watu wa kunakili barua na hesabu kwa mkono kutoka asubuhi hadi jioni. Ramazzini alitaja vitu vitatu vinavyowaumiza: kukaa bila kusimama, mkono kurudia mwendo uleule mdogo, na akili kubanwa kwa sababu hesabu haifai kukosewa. Hebu rudia hivyo vitatu polepole kisha ufikirie mtu wa kuandika manukuu ya sauti za mahakama ya ng'ambo akiwa kwa chumba chake Rongai, na saa inahesabu. Ni miaka zaidi ya 300 imepita na hatujaongeza kitu cha nne.

Baada ya makarani wakaja watu wa telegrafu. Hao walikuwa wanabonyeza kitufe kimoja siku nzima, na wengi wao mikono na mabega yakawa yanakataa kazi. Uingereza iliikubali hali hiyo rasmi mwaka 1908, ikaiweka kwa orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipiwa fidia. Ungedhani basi suala la kuaminiwa liliishia hapo. Halikuisha. Miaka ya 1980 Australia ilipata wimbi kubwa la maumivu ya mikono, shingo na mabega kwa watu wa kibodi na wapokea simu. Shirika la simu la nchi hiyo, Telecom Australia, liliandikisha karibu visa 4,000 kati ya 1981 na 1985. Wengi wa walioumwa walikuwa wanawake. Na kwa sababu picha za eksirei hazikuonyesha kitu, kukazuka ugomvi: madaktari wengine wakisema ni kazi, wengine wakisema ni hofu, ni kuambukizana mawazo, ni kutafuta fidia. Watu wakaipa jina la kejeli, "mguu wa kangaruu". Mtu ameshindwa kuinua sufuria na nchi inamtungia kichekesho.

Nimetaja hilo kwa sababu linaeleza kitu kuhusu tiba zote zinazofuata. Maumivu ya msuli hayaonekani. Hayana jeraha, hayana homa, picha haiyanasi. Kwa hivyo yeyote anayekuja na kitu cha kushika, cha kuonyesha kwa kidole na kusema "hapa ndipo penye shida", anapendwa mara moja. Hata mimi nilipoambiwa nina mafundo nilifurahi. Nilijisikia nimeaminiwa.

Tiba yenyewe, kwa sura tunayoijua leo hospitalini, watu wengi huianzia Sweden. Huko kulikuwa na bwana anaitwa Per Henrik Ling, mwalimu wa kupigana na panga nyembamba, ambaye mwaka 1813 alianzisha taasisi ya mazoezi jijini Stockholm. Serikali ilimpa ruhusa kwa sababu ilitaka wanajeshi wenye nguvu, lakini yeye alikuwa na sehemu nyingine kwa mfumo wake: mazoezi ya kutibu. Na hapa nataka usimame kidogo. Katika mazoezi ya Ling, mgonjwa alikuwa anasogeza kiungo chake huku mtibu akimzuia kwa mkono. Unainua bega, yeye anasukuma chini kidogo tu, unashindana naye. Kwa lugha ya leo hiyo ni kuinua vyuma, ni vile tu chuma ni mkono wa mtu. Kukandwa kulikuwepo, lakini kulikuwa kando ya kusogea.

Sasa angalia vile mambo yaligeuka. Miongo kadhaa baadaye Amsterdam kulikuwa na daktari wa Kiholanzi, Johann Georg Mezger, ambaye sifa zake za kukanda zilienea hadi kwa majumba ya kifalme. Elisabeth, malkia wa Austria, alisafiri kwenda kutibiwa naye miaka ya 1880. Mezger na wanafunzi wake ndio waliopanga ile mitindo ya mkono, kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga, ambayo bado inafundishwa kwa majina ya Kifaransa. Kichekesho ni kwamba kazi hiyo ndiyo dunia nzima inaiita masaji ya Sweden, na Ling ndiye anapewa sifa, ilhali kile Ling alichosisitiza, mgonjwa kufanya kazi mwenyewe, kiliachwa mlangoni. Malkia halipi hela aambiwe ainue mkono mara ishirini. Analipa alale.

Masaji ikawa biashara, na biashara ikaingiwa na mambo mengine. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha onyo kuhusu nyumba za London zilizoandikwa "masaji" mlangoni na ndani kukiendelea ukahaba. Wauguzi wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakaona kazi yao halali inaharibiwa jina. Mwaka huohuo wakaunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Masharti yao yalikuwa makali: hukandi bila agizo la daktari, hukandi mwanaume isipokuwa kwa sababu maalum, hujitangazi ovyo kwa magazeti. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoleta askari waliovunjika kwa maelfu, wanawake hao ndio walioitwa, na lile sharti la wanaume likafa lenyewe. Mwaka 1920 wakapata hati ya kifalme, na 1944 chama kikabadilisha jina kikaacha kabisa neno masaji. Kikawa cha fiziotherapia.

Kwetu mambo yalikuwa na njia yake. Mkandaji wa Pwani na mafuta yake ya nazi au ya simsim hakungoja chama cha London. Wala hakungoja mpiga chuku, yule wa kuumika kwa pembe, ambaye kazi yake leo imerudi mjini kwa jina la hijama. Bara pia kila mtaa una mama anayejua kuchua. Lakini sheria ya kusema nani anaruhusiwa kujiita fizio nchini Kenya ilipitishwa mwaka 2014, ikaunda baraza la kusajili wataalamu hao. Hesabu mwenyewe: wauguzi wanne wa London walikuwa wametutangulia kwa miaka 120. Kwa hiyo ukiona mahali kila mwenye kitanda na taa nyekundu anakuandikia "vikao kumi", jua sheria yenyewe bado ni changa. Mimi sikuuliza aliyenikanda kama amesajiliwa. Ningeuliza.

Turudi kwa hilo fundo, maana ndilo lililonipeleka kusoma.

Mwaka 1904 daktari wa London, William Gowers, alikuwa anatoa mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno. Akaona misuli inauma bila sababu inayoonekana, akadhani nyuzi zake zimevimba, akaipa hali hiyo jina la "fibrositi". Jina likashika moto kwa miaka mingi. Shida ni kwamba waliotafuta huo uvimbe hawakuupata. Jina lilibaki, kitu chenyewe hakikuwepo. (Nina hakika unaweza kufikiria majina mengine ya aina hiyo.)

Kisha mwaka 1938 kijana mmoja wa maabara, Jonas Kellgren, akafanya kitu cha kichaa kidogo. Alichukua maji ya chumvi kali na kuyadunga ndani ya misuli, yake mwenyewe na ya waliojitolea, kisha akachora mahali maumivu yaliposikika. Yalisikika mbali na sindano! Ukidungwa hapa, unaumwa kule. Kwa mara ya kwanza mtu alionyesha kwa majaribio kwamba msuli unaweza kusema uongo kuhusu unapoumia. Ndiyo maana kuna maumivu ya kichwa yanayoanzia begani, na watu humeza dawa za kichwa miaka yote bila kumgusa mhusika.

Aliyeichukua habari hiyo akaifanya maarufu ni Janet Travell, daktari wa New York. Travell alikuwa na mikono ya ajabu na subira ya kuchora ramani. Alitambua sehemu ngumu ndogo ndani ya msuli ambazo ukizibonyeza mgonjwa anaruka, akachora kila moja inapeleka maumivu wapi. Ule msuli mpana unaotoka kisogoni kwenda begani, trapezia, kwa ramani yake unapeleka maumivu pembeni mwa shingo hadi kwenye panda la uso. Yeye alizitibu kwa kupulizia baridi huku akivuta msuli, ama kwa kudunga dawa ya ganzi palepale. Kitabu alichoandika na mwenzake David Simons, kilichotoka 1983, ndicho baba wa karibu kila fundo unaloambiwa unalo leo.

Na mgonjwa wake mkubwa? John F. Kennedy. Alimfikia mwaka 1955 akiwa seneta, mgongo umemshinda, na Travell akamtuliza kwa sindano za ganzi na akampa kile kiti cha kubembea ambacho picha zake zilienda dunia nzima. Kennedy alipoingia Ikulu 1961, alimchukua awe daktari wake. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushika kazi hiyo. Ni hadithi tamu na huwa inaishia hapo.

Lakini haikuishia hapo, na kwangu hii ndiyo sehemu yenyewe. Ndani ya mwaka huohuo wa 1961 sindano zilikuwa zimekuwa nyingi na rais alikuwa anazidi kudhoofika. Ngazi zilikuwa zinamshinda. Madaktari wengine wa Ikulu wakasisitiza aitwe Hans Kraus. Huyu alikuwa mzaliwa wa Austria, mpanda milima, mtu ambaye miaka ya hamsini alikuwa ameikera Marekani kwa kuonyesha kwamba watoto wake walishindwa majaribio rahisi ya nguvu ambayo watoto wa Ulaya waliyapita. Kraus hakuja na sindano. Alikuja na mazoezi, mara tatu kwa wiki, hapo Ikulu: kunyoosha, kuinua, kuimarisha, kidogo kidogo. Na mgongo wa Kennedy ukaanza kupata nafuu. Ndiyo, ni mgongo, si shingo. Lakini rais wa Marekani, mwenye uwezo wa kupata mkono wowote duniani umkande, alikuja kusaidika pale aliposhuka kitandani.

Simdharau Travell. Aliwaamini wagonjwa wakati wengi waliambiwa ni mawazo yao, na hilo lina uzito. Ila mambo mawili yalifuata baada yake. La kwanza, mwaka 1979 daktari wa Prague, Karel Lewit, alichapisha matokeo ya wagonjwa 241. Alisema utulivu unaotokana na hizo sindano unaletwa na ncha ya sindano yenyewe ikigusa sehemu inayouma, si dawa iliyo ndani. Kutokea hapo kukaja sindano kavu, zile nyembamba zinazochomwa msulini bila dawa yoyote, ambazo siku hizi hata Nairobi utazipata. La pili ni kwamba ukiwapa wataalamu wawili shingo moja, mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi. Madaktari wawili wa Australia, John Quintner na Milton Cohen, ambao nchi yao ilikuwa imepitia lile wimbi la kibodi, wameandika tangu 1994 kwamba maumivu ni ya kweli kabisa lakini maelezo ya fundo hayasimami. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo. Kwa hivyo mtu akikuambia una mafundo saba, muulize kwa upole kama mwenzake wa chumba cha pili angehesabu saba pia.

Basi kama si fundo, ni nini? Maelezo niliyoyapenda yalitoka Sweden tena, mwaka 1991, kwa mtafiti Göran Hägg. Aliyaita kwa jina la Cinderella, yule msichana wa hadithi anayefanya kazi zote za nyumba. Ndani ya msuli nyuzi haziamki zote pamoja. Kazi ikiwa ndogo, zinaamka zile ndogo kwanza, na hazilali hadi msuli mzima ulegee kabisa. Sasa ukishika kipanya cha kompyuta saa saba huku bega limepanda kidogo, kazi ni nyepesi sana hata huisikii, lakini ni nyuzi zilezile zinazobeba, bila kupokezana. Ni kama yule dada wa nyumbani anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala mwisho, na kila mtu anasema "lakini kazi yenyewe si ngumu". Si ngumu. Ni kwamba haina mapumziko.

Ukiielewa hivyo, unaelewa mbona kulala na kukandwa kunatuliza lakini hakutoshi. Kumpa dada siku moja ya kupumzika ni vizuri, Jumatatu atarudi kwa kazi ileile. Anachohitaji ni wenzake waamke wasaidie, na yeye awe na nguvu zaidi.

Na hapo ndipo Wafini na Wadenishi wanaingia. Mwaka 2003 Jari Ylinen na wenzake wa Finland walichapisha majaribio ya wanawake 180 wa kazi za ofisi, wote wakiwa na maumivu sugu ya shingo. Kundi moja lilifundishwa mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega, lingine mazoezi ya ustahimilivu, la tatu likaambiwa lijinyooshe na kufanya mazoezi ya kawaida ya pumzi. Walifuatwa mwaka mzima. Makundi mawili ya kwanza yaliliacha la tatu mbali kabisa, na la nguvu likaongoza. Kumbuka kunyoosha ndiko sisi wote tunakoambiwa.

Mwaka 2008 Lars Andersen wa Copenhagen akaja na wanawake 48 wenye trapezia inayouma. Kundi moja likainua vyuma vidogo kwa mabega, dakika 20, mara tatu kwa wiki, wiki kumi. Kundi lingine likaendesha baiskeli ya ndani. La baiskeli lilipata nafuu kidogo ya muda mfupi baada ya zoezi. La vyuma maumivu yalishuka sana. Wanawake walewale ambao mabega yao yalikuwa yanauma, wakaambiwa wayabebeshe mzigo, na mabega yakatulia. Mtu angesema hilo kwa mtaa wetu angeitwa mkatili.

Kisha 2011 Andersen akauliza swali ambalo mimi mvivu nililingoja: kiasi gani kidogo kinatosha? Akachukua watu 198, akawapa mpira wa kuvuta, wengine dakika 12 kwa siku, wengine dakika 2. Mbili! Mara tano kwa wiki, wiki kumi. Makundi yote mawili yaliwapita wasiofanya kitu, na wa dakika mbili hawakuachwa mbali.

Ling angecheka. Mkono unaozuia bega lisipande, alikuwa nao 1813.

Nikifikiria mzigo na shingo siwezi kukosa kutaja nyumbani. Mwaka 1986 mwanasayansi wa Kenya, Geoffrey Maloiy, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida kubwa la Nature kipimo kilichoshangaza dunia. Walipima pumzi za wanawake Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa kuzunguka kipaji. Wakapata kwamba mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawatumii nguvu yoyote ya ziada kutembea. Vijana wa jeshi waliopimwa na mizigo ya mgongoni hawangeweza. Watu hupenda kuitumia habari hiyo kusema mama zetu wana shingo za chuma. Polepole. Kilichopimwa ni oksijeni, si maumivu, na yeyote mwenye nyanya aliyebeba kuni miaka arobaini anajua alivyo usiku. Ile dawa ya Andersen ni mzigo unaouchagua, kwa dakika mbili, ukiongeza polepole, kisha unaweka chini. Kuni hazina wiki kumi.

Na hapo ndipo nakataa pia upande wa pili, ule wa kusema basi kila mtu ajinunulie mpira na anyamaze. Ramazzini alitaja kiti, kurudiarudia na presha, na hakuna zoezi linaloondoa presha. Sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 inataka mwajiri apange vifaa na sehemu ya kazi vimfae mfanyakazi. Sawa. Sasa wewe mwenye mteja Toronto na kitanda Kasarani, kiti utamdai nani? Hilo wimbi la Australia lilikuwa na shirika la kuandikisha visa 4,000. Letu liko kwa vyumba, mmoja mmoja, na hakuna anayeandikisha.

Kuhusu pesa zangu: sijutii masaji yote. Ilinipa siku mbili za kugeuza shingo, na kama aliyenikanda angetumia siku hizo mbili kunifundisha kuinua kitu, ningemsifu hapa. Kilichonikera ni vikao kumi vya kulala. Siku hizi nikimwona fizio swali langu la kwanza ni "mimi nitafanya nini nikiwa nyumbani?", na jibu likiwa "rudi tu Jumanne", sirudi. Isipokuwa jambo moja ambalo si la kujaribu mwenyewe: ukifa ganzi mkononi, mkono ukilegea na kuangusha vitu, ukiumwa baada ya ajali, ama shingo ikikakamaa na homa juu yake, hiyo ni hospitali, leo.

Mpira wenyewe sikununua. Nimekata ule wa tyubu ambao watu wa boda hufungia mizigo. Nasimama katikati yake, nashika ncha mbili, nainua mikono kwa pembeni, viwiko vimelegea kidogo, hadi usawa wa mabega, nashusha polepole, hadi nichoke ama dakika mbili ziishe. Jumatatu hadi Ijumaa, kabla sijafungua laptopu. Niko wiki ya nne. Wiki ya kwanza mabega yaliniuma kwa njia mpya nikadhani nimejiharibu. Yalikuwa yamechoka tu, ile kuchoka ya mtu aliyetoka kuchota maji. Jana nimehariri saa sita na nimegeuka kuangalia chaji bila kufikiria. Ilikuwa asilimia 41.